Mashua ya Kushonwa na Lugha ya Kuiundia

Wahenga walinena kuwa vyaelea vimeundwa. Methali hii kila mwanafunzi wa shule ya upili anaijua, na aghalabu huitumia kufungia insha anapoishiwa na la kusema. Nimeisahihisha mara zisizo na idadi. Lakini lau ningemuuliza mwanafunzi huyo, au hata mwalimu wake, vyaelea vimeundwa vipi, kwa zana gani, kwa kuanzia wapi na kuishia wapi, sidhani kama ningepata jibu. Nasema haya bila ya kumcheka yeyote, kwa maana mimi mwenyewe, mzawa wa Lamu na mwenye shahada ya uzamifu katika isimu ya Kiswahili, niliwahi kuulizwa swali hilohilo nikabaki nimeduwaa.

Aliyeniuliza alikuwa mzee mmoja wa Kiingereza, jirani yangu katika mji nilikokuwa nikisomea shahada hiyo. Banda lake la gari halikuwa na gari. Gari alilaza nje kwenye mvua, na ndani ya banda akaweka mashua ndogo ya mbao, imepinduliwa juu ya vigoda viwili na kufunikwa blanketi mithili ya mgonjwa. Jumamosi moja aliniita nimsaidie kuipandisha juu ya paa la gari. Nilijifunga masombo nikitarajia mzigo wa haja, kwani vyombo nilivyovizoea mimi havinyanyuliwi na watu wawili. Kumbe! Chombo kizima, bila ya mlingoti na tanga, kilikuwa na uzito wa kilo 45 na ushei. Mfuko wa saruji unakizidi.

Tulikwenda nacho hadi ziwani. Urefu wake ulikuwa mita 3.3, na upana hata mita moja unusu haukufika. Omo yake haikuchongoka kama omo za madau na mashua za kwetu, bali ilikatwa butu kana kwamba fundi aliishiwa na mbao. Siku hiyo hatukutweka tanga. Tulipiga makasia tu, yeye akinisimulia jinsi alivyokiunda chombo kile sebuleni mwa nyumba yake miaka ya sitini, akiwa kijana aliyeoa juzi, ambaye katika maisha yake hakuwa ameunda hata kigoda. Majira ya kwanza ya joto, alisema, hakulijaribu tanga kabisa. Alipiga makasia na mkewe mpaka wote wawili wakaacha kuyaogopa maji, ndipo mwaka uliofuata akasimamisha mlingoti.

Aina ile ya mashua inaitwa Mirror, na jina hilo limetokana na gazeti. Naam, gazeti, kama hili ulilolishika mkononi. Mnamo 1962 gazeti la Daily Mirror la London, ambalo wasomaji wake wengi walikuwa watu wa mishahara ya kawaida, lilidhamini mashua ambayo msomaji wake angeweza kujiundia nyumbani. Kazi ya kuichora ikawaangukia watu wawili. Wa kwanza ni Jack Holt, mbunifu wa vyombo ambaye tayari alikuwa amebuni mashua ya watoto iitwayo Cadet mwaka 1947. Wa pili ni Barry Bucknell, ambaye Waingereza walimjua kwa kuwafundisha katika televisheni ya BBC namna ya kujirekebishia nyumba zao wenyewe. Holt alijua maji na upepo. Bucknell alijua kitu kingine, ambacho kwa maoni yangu si haba hata kidogo: alijua mtu asiye fundi hukosea wapi.

Wala halikuwa gazeti la kwanza kufanya hivyo. Holt huyohuyo alikuwa amebuni mashua iitwayo Enterprise, iliyozinduliwa mwaka 1956 chini ya udhamini wa gazeti la News Chronicle. Gazeti hilo lilikufa mwaka 1960. Mashua yake ingali inaelea hadi leo. Wahariri wetu wayatafakari hayo wakipata nafasi.

Mwaka 1963 mashua ya Mirror ilikuwa sokoni. Mnunuzi alilipa pauni 63 na shilingi 11, takriban mshahara wa wiki nne wa mtu wa kawaida wakati huo, akaletewa mbao za plaiwudi zilizokwisha kukatwa, waya wa shaba, gundi, na maelezo ya kazi. Tanga lilikuwa jekundu, rangi ya gazeti lenyewe. Tangu hapo zimeundwa zaidi ya 70,000, na ingawa baadaye zilianza kutengenezwa za faiba viwandani, nyingi kati ya zile za awali ziliundwa katika mabanda ya magari, vyumba vya kulia, na hata madarasani. Kabla ya hapo, kuendesha mashua ya tanga kwa kujifurahisha kulikuwa shughuli ya watu wenye uwezo. Baada ya hapo, karani na dereva wa basi nao wakaingia majini.

Sasa nije kwenye jambo lililonishika mimi, mwana wa pwani. Mashua ile hushonwa.

Namna yenyewe ni hii. Unachukua mbao bapa za plaiwudi, unene wake milimita 5 hivi, zilizokatwa kwa kufuata mchoro. Unatoboa matundu madogomadogo kwenye kingo zake. Kisha unalaza ubao kando ya ubao na kupitisha vipande vya waya wa shaba katika matundu hayo, ukivisokota kwa koleo kimoja baada ya kimoja. Kadiri unavyovisokota ndivyo mbao zinavyoinuka, zinapinda na kukutana, na kile kilichokuwa bapa sakafuni kinakuwa na tumbo, omo na tezi mbele ya macho yako. Hakuna mkuku mzito unaotangulia, wala mataruma ya kuchongwa kwa tezo. Umbo limefichwa katika mkato wa mbao, na uzi ndio unaolifichua. Ndani ya mishono unabandika utepe wa nyuzi za kioo na kuupaka gundi. Ikishika, unakata waya kwa nje, unapiga msasa, unabandika utepe upande wa pili. Kazi imekwisha, imebaki rangi.

Mbinu hii haikubuniwa na Bucknell. Aliyeitangulia alikuwa Ken Littledyke, mwalimu wa shule huko Uingereza, aliyeitumia kuundia mitumbwi myepesi ya plaiwudi. Mwalimu, nasisitiza, na nimelisema hili katika mikutano kadhaa ya walimu ili kuona ni wangapi watainua vichwa.

Mzee yule aliponieleza kwamba mashua yake imeshonwa, nilimwambia kwa fahari kuwa kwetu tulishona vyombo karne nyingi kabla ya Waingereza kujua plaiwudi ni nini. Nilimwambia habari za mtepe, chombo cha visiwa vya Lamu na vya Wabajuni, kisicho na hata msumari mmoja wa chuma. Mbao zake zilifungwa kwa kamba za makumbi ya nazi, tanga lake la mraba likafumwa kwa ukindu mfano wa jamvi, na gubeti lake likanyooshwa mbele kama shingo ya ngamia. Nilimwambia pia kuhusu kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinachoutaja mji wa biashara wa pwani yetu uitwao Rhapta. Jina hilo, kitabu chenyewe chaeleza, limetokana na mashua za kushonwa zilizokuwako huko, kwani kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kushona ndicho shina lake. Fikiri, msomaji: miongoni mwa majina ya kale kabisa ambayo wageni waliipa sehemu ya pwani hii, mojawapo lilitokana na ushoni wa mafundi wake.

Mzee alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa kuvutiwa, kisha akauliza: "Na mshono wenyewe mliupitishaje? Mlianza na mbao au na mataruma? Maji mliyazuiaje yasiingie matunduni?"

Nilijua kwamba nomino mtepe iko katika ngeli ya U-I. Nilijua wingi wake ni mitepe. Zaidi ya hayo, kimya.

Usiku ule sikulala vizuri. Haikuwa aibu tu ya kushindwa na mzee mbele ya kikombe cha chai. Babu yangu upande wa baba alitoka Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu ambacho mafundi wake wa vyombo wanajulikana pwani nzima, na ami yangu aliirithi kazi hiyo. Utotoni nilicheza juu ya vumbi la randa zao. Nilipelekwa shule ya bweni nikiwa na miaka kumi na minne, na kila niliporudi likizoni nilikuwa nimeongeza kitabu kimoja kichwani na kupoteza neno moja la karakanani. Huo ulikuwa urari wa elimu yangu, na sikuwahi kuupigia hesabu.

Kesho yake niliomba nikopeshwe kile kijitabu cha maelezo. Karatasi zilikuwa za manjano, zina madoa ya gundi na alama za kalamu ya risasi. Nilikisoma kama msomi wa lugha anavyosoma matini, na nikakuta kitu ambacho katika miaka yangu yote ya isimu sikuwa nimekipa uzito unaostahili: lugha ya maagizo. Sentensi fupi. Kitenzi kimoja kwa kila tendo. Neno moja kwa kila kitu, lisilobadilika toka mwanzo hadi mwisho, hata kama mwandishi angependa kutuonyesha ana visawe vyake vitatu. Kabla ya kila hatua ya hatari, onyo. Baada ya kila hatua kubwa, namna ya kukagua kama umefanya sawa. Hapakuwa na pambo. Na kwa sababu hapakuwa na pambo, karani asiyejua kushika randa aliketi sebuleni kwake akaunda chombo kilichombeba yeye na mkewe na baadaye wanawe.

Kiswahili kina tenzi zilizodumu karne, zina vina na mizani visivyotetereka. Lakini nionyesheni kijitabu kimoja cha Kiswahili kinachomwezesha kijana wa Kizingitini au wa Vanga kuunda kidau kwa kusoma tu. Nimetafuta. Istilahi za vyombo vyetu nilizikuta zimehifadhiwa kwa wingi katika kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya padri Charles Sacleux, iliyochapishwa Paris kati ya 1939 na 1941, na maisha ya mabaharia wa Lamu nikayakuta katika kitabu cha Mholanzi A. H. J. Prins, Sailing from Lamu, cha mwaka 1965. Wageni hao walifanya kazi ya kushukuriwa. Hata hivyo hakuna aliyeandika ili tuunde. Waliandika ili tujulikane tulivyokuwa tukiunda.

Shuleni hali ni ya kuchekesha kama si ya kuhuzunisha. Mwanafunzi hufundishwa kuwa mbele ya chombo ni omo na nyuma ni tezi, kwa sababu swali huja mtihanini. Hukaririshwa methali ya tezi na omo marejeo ni ngamani, huku hajui ngama iko upande gani wa chombo. Anajua kafi na kasia kama visawe, ilhali baharia yeyote atamwambia kuwa kafi hushikwa mikononi bila ya kuegemezwa popote, nalo kasia hushikizwa katika kishwara ubavuni mwa chombo, na mwenye kafi hutazama aendako ilhali mwenye makasia hutazama atokako. Hiyo si tofauti ya msamiati pekee. Ni tofauti ya mwili mzima, na ndiyo iliyoniponza, kama nitakavyosimulia.

Miaka mitatu iliyopita nilikubaliana na walimu wa shule moja ya upili kisiwani kwetu kwamba chama chao cha Kiswahili kiunde kidau. Tuseme wazi kuwa hatukuunda Mirror, maadamu michoro yake ina wenyewe. Tulichora chombo chetu kidogo, kipana kidogo katikati, cha kupigwa makasia na chenye nafasi ya mlingoti endapo tungependa, na tukatumia mbinu ileile ya kushona plaiwudi kwa waya. Mbao tulizinunua Mombasa zikaja kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa mashua hadi kisiwani, na kutoka gatini hadi shuleni zikabebwa na punda waliozitazama kwa dharau. Mimi nilijitolea kuandika maelezo kwa Kiswahili. Wanafunzi kumi na wawili wangefuata maandishi yangu neno kwa neno, bila ya mimi kuwapo. Hilo lilikuwa sharti langu mwenyewe, na lilikuwa sharti la mtu mwenye kiburi.

Katika ukurasa wa nne niliandika: "Bandika upapi upande wa ndani wa ubao wa kulia." Sentensi inayofuata ikaagiza vivyo hivyo kwa ubao wa kushoto. Kundi moja likapewa ubao wa kulia, la pili wa kushoto. Wakapaka gundi, wakabana kwa vibanio, wakaenda kulala. Niliporudi baada ya siku nne nikakuta mbao mbili nadhifu, papi zimeshikana nazo barabara, na zote mbili zilikuwa za kushoto.

Nani alikosea? Kundi la pili lilijiwazia limesimama tezini likitazama omo, kama nahodha, nalo likatengeneza ubavu wa kushoto kama lilivyoagizwa. Kundi la kwanza lilikuwa na vijana wanaopiga makasia kila siku. Walijiwazia wameketi ubaoni, mgongo kwa omo na uso kwa tezi, kama mpiga makasia yeyote anavyoketi. Kulia kwa mtu aliyeketi hivyo ni kushoto kwa chombo. Kila kundi lilikuwa sahihi. Aliyekosea ni mwandishi, daktari wa isimu, ambaye hakusema kulia kwa nani.

Gundi ile haibanduki. Tulipoteza ubao mzima wa plaiwudi, na shule haikuwa na fedha za kununua mwingine, hivyo nilitoa zangu. Ilikuwa haki.

Nilikwenda kwa ami kumpa habari. Alikuwa amekwisha kuacha kazi, macho yamefifia, hutoka barazani kwa kushikwa mkono. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, kwa Kiamu chake nisichoweza kukiandika kwa ufasaha, kwamba fundi hasemi kulia wala kushoto. Chombo kinachoundwa ufuoni hulazwa sambamba na maji, kwa hiyo kina upande wa bara na upande wa bahari, na pande hizo hazihami hata mtu akisimama kwa kichwa. Kikishushwa majini na kutweka, kinapata joshini na demanini, upande utokako upepo na upande uendako. "Mkono wako," aliniambia, "huenda nawe ukigeuka, mwanangu. Chombo hakikufuati."

Nilikaa kimya barazani pale, nikikumbuka mihadhara yangu mwenyewe. Nimewafundisha wanafunzi miaka na mikaka juu ya Waguugu Yimithirr wa kaskazini mwa Queensland, Australia, ambao hutumia kaskazini, kusini, mashariki na magharibi pale ambapo sisi twasema kulia na kushoto, na ambao wataalamu wa isimu wameusafirisha mfano wao dunia nzima. Nimewaeleza kuwa Waingereza nao waliteswa na tatizo hilo baharini: upande wa kulia wa chombo waliuita starboard, jina lililotokana na kasia la kuongozea lililokaa upande huo zamani, nao wa kushoto larboard, mpaka jeshi lao la majini likaamuru mwaka 1844 kwamba larboard liachwe na litumike port, kwa kuwa maneno yale mawili yalifanana mno yakipigiwa kelele kwenye dhoruba. Nimefundisha mifano ya Australia na ya Uingereza. Mfano wa Matondoni, uliokuwa ukisemwa hatua mia mbili kutoka kitanda nilichozaliwa, sikuwahi kuufundisha kwa sababu sikuujua.

Tangu siku hiyo maelezo yaliandikwa upya, mara hii mbele ya ami. Yeye husoma Kiarabu tu, hivyo mwanafunzi mmoja wa kike, mwenye sauti ya kusikika, alimsomea kila sentensi, naye aliikubali au kuikataa. Alikataa nyingi. Nilipoandika "kaza waya", alisema kukaza ni kukaza, watakata mbao. Andika wausokote mpaka ubao uanze kulalamika, kisha waache. Nilimwambia kuwa ubao haulalamiki katika lugha ya maagizo. Akaniuliza kama nimewahi kuupinda ubao. Sentensi yake imebaki kama alivyoisema, na hakuna mwanafunzi aliyevunja ubao hata mmoja.

Wapo wenzangu watakaoniuliza: yote haya ya nini, ilhali fundi hufunza kwa mkono na mwanagenzi hujifunza kwa jicho? Swali hilo ni la haki, na kwa karne nyingi ndilo lililokuwa jibu. Mtepe nao ulifunzwa kwa mkono na jicho. Nusu ya kwanza ya karne ya ishirini ilipokuwa inapita, mitepe ilitoweka, na waliojua mkono ulivyokwenda wakatoweka nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wa Zanzibar walipotaka kuunda mmoja wa kuweka katika jumba la makumbusho la Beit al Ajaib, walilazimika kutegemea picha, mifano midogo na maandishi ya wageni. Jumba hilo lenyewe liliporomoka kwa sehemu Desemba 25, 2020. Mkono huzeeka, jengo huanguka. Simaanishi kuwa karatasi haiozi, lakini karatasi yaweza kunakiliwa na mtoto wa darasa la saba.

Wengine watasema mfumo mpya wa elimu ya umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, tayari unawapa watoto masomo ya awali ya ufundi. Kweli, na nayapongeza. Lakini masomo hayo yanafundishwa kwa Kiingereza, na mwalimu wa Kiswahili hana habari nayo. Sisi wa rika langu tulisoma chini ya 8-4-4 iliyoanza mwaka 1985, tukachonga miko na kusokota kamba ili tupate alama. Kamba tulisokota kwa lugha ya nyumbani, swali likajibiwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kikabaki kipindi cha pili asubuhi, kikiainisha ngeli. Hapo ndipo ninapolalamikia taaluma yangu mwenyewe. Tumekilinda Kiswahili sanifu kama mashua ile ya banda la gari, imefunikwa blanketi. Tofauti ni kwamba jirani yangu yake aliishusha majini kila Jumamosi.

Na mtu asiseme chombo kidogo hakifiki mbali. Mwaka 1997 mwalimu mmoja, A. J. Mackinnon, aliondoka shuleni alikokuwa akifundisha, Ellesmere, magharibi ya Uingereza, kwa mashua ya Mirror aliyoipa jina la Jack de Crow. Alikusudia safari fupi ya mtoni. Akashuka mto Severn, akaukuta Thames, akavuka mlango wa bahari hadi Ufaransa, akafuata mifereji na mito ya Ulaya mpaka Danube, na mwaka uliofuata akatokea Sulina, Romania, mahali Danube inapoingia Bahari Nyeusi. Ni safari ya karibu kilomita 4,900. Penye upepo alitweka, pasipo na upepo alipiga makasia. Kitabu chake kilitoka mwaka 2002, na nimewasimulia sura zake wanafunzi wetu wakati wa kusubiri gundi ikauke, kwa kuwa kusubiri gundi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Mlingoti wa Mirror ni mfupi, na tanga lake hukamilishwa na mti wa pili unaopandishwa hadi ukawa kama mlingoti umerefuka. Sababu ni kwamba miti yote iweze kulala ndani ya chombo kikibebwa. Wanafunzi walipouona mchoro walisema mara moja: "Mwalimu, si foromali hiyo?" Si foromali hasa, lakini hawakukosea sana. Madau na majahazi yetu pia yana mlingoti mfupi na foromali ndefu. Kwa kitu hicho Kiswahili hakikuhitaji kuazima kitu, na henza, kana, usukani na dasi vilijipanga mahali pake bila ya ubishi.

Ubishi ulikuja kwenye kitu kimoja. Mashua nyepesi isiyo na mkuku mrefu husukumwa kando na upepo, na dawa yake ni ubao unaoteremshwa majini kupitia mwanya uliopo katikati ya chombo, unaopandishwa tena mnapofika maji mafupi. Vyombo vyetu vya jadi havina kitu hicho, na kwa hivyo hatukuwa na jina lake. Wanafunzi wa kiume walipendekeza "ulimi". Wa kike wakasema ulimi hukaa kinywani, wao wanataka "kisu", kwani hushuka na kukata maji. Ami alipoulizwa alisema yeye hajui kitu hicho ni cha nini, chombo kikiundwa vyema hakihitaji kutobolewa tumbo.

Tulikishua kidau Novemba iliyopita, kwa makasia tu. Kilivuja kidogo karibu na tezi, mahali ambapo utepe haukulala vizuri, tukakipandisha tukakirekebisha. Tanga limeshonwa na mama wa mwanafunzi mmoja kwa kitambaa cha merikani, na limekunjwa stoo ya shule. Tulikubaliana lisitwekwe mpaka kila mmoja wa wale kumi na wawili aweze kupiga makasia kutoka gati moja hadi jingine na kurudi bila ya kusaidiwa. Wamebaki wawili. Maelezo yana kurasa ishirini na sita, na katika kurasa tano kati ya hizo pameachwa nafasi tupu mahali pa jina la ule ubao. Nilipowaacha mara ya mwisho walikuwa wameketi ufuoni kando ya chombo, wenye ulimi upande wa bara na wenye kisu upande wa bahari, wanabishana.

Na kubisha, msomaji wangu, ndilo neno tulilo nalo pia la chombo kinachokwenda dhidi ya upepo, kikikata mara huku, mara kule.